Misimu Sita ya Sifuri

Ofisi ya hali ya hewa ilikuwa na kanuni mbili ambazo hata mfagizi alizijua kwa moyo. Ya kwanza: kimbunga ambacho hakuna kituo kilichokipima, hakikupiga. Kinaweza kuwa kimebeba mapaa, kimelaza nguzo za umeme na kumwamsha mbuzi wa mtu kijiji cha pili, lakini kama hakimo kwenye jedwali, basi hakimo duniani. Ya pili: kosa halifutwi. Hukatwa kwa mstari mmoja wa wino mwekundu, jambo la kweli likaandikwa juu yake, na aliyekosea, yeye mwenyewe na mkono wake, akatia sahihi pembeni. Akiwa hayupo, au hataki, suala huenda kwenye kamati, na kamati ile ilikuwa na sifa ya kuzeesha watu.

Kalamu alikuwa amefanya kazi chini ya kanuni hizo miaka ishirini na mmoja, na alizipenda kama mtu anavyopenda viatu vilivyokwisha kumkata miguu na sasa vimemzoea. Yeye ndiye aliyechora ramani ya njia za vimbunga. Jina la Kalamu alipewa na mjomba wake siku alipomkuta, akiwa na miaka saba, amekaa chini ya meza akinyonya kalamu ya wino, midomo ya buluu kama aliyebusu anga. Jina likaganda. Hata mshahara ungeandikwa Kalamu kama mhasibu asingekuwa mtu mkavu.

Wiki ile ramani mpya ilipaswa kutoka Ijumaa. Pwani nzima imegawanywa vipande, kila kipande na rangi yake: nyekundu, njano, kijani. Rangi ndiyo inayoamua mafundi wajenge vipi. Penye nyekundu, kuta zifungwe kwa nondo, paa lishikwe kwa mikanda ya chuma hadi chini ya ukuta. Penye kijani, jenga unavyojenga, misumari ya kawaida inatosha.

"Nataka na ukurasa mmoja wa maelezo," Bosi alimwambia, akiegemea mlango na kikombe mkononi. "Kwa nini vimbunga vinapiga hapa na haviendi pale. Lugha ya mtu wa kawaida. Mara ya mwisho uliandika, mke wangu akasoma akaniuliza kama na mimi naelewa."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia chai inapoa."

Kalamu akacheka, akarudi kwenye ramani. Kipande kimoja tu kilikuwa kinamwasha. Lile ghuba la katikati, linalotazamana na kisiwa kikubwa. Kusini yake nyekundu, kaskazini yake njano, na lenyewe kijani kibichi, kama jani moja lililosahauliwa na kiwavi. Maji ya ghuba lile yalikuwa ya moto kuliko ya majirani wote. Kwa hesabu za joto la bahari, pale pangepigwa walau mara moja kila misimu mitatu. Lakini jedwali lilikuwa jedwali. Kituo cha ghubani kiliishi misimu sita, na katika misimu yote sita safu ya dhoruba ilikuwa sifuri, sifuri, sifuri, kila siku ya kila mwezi. Mwisho wa msimu wa sita kituo kikafungwa, kwa sababu hakuna kilichotokea. Tangu hapo hakuna aliyepima tena, na kwa kanuni ya kwanza, hakuna kilichopiga tena.

Karatasi zile sita alizijua kama sura ya mtu wake. Zilikuwa za Mjomba. Yeye ndiye aliyekuwa mpimaji pekee wa kituo kile. Sifuri zake zilikuwa mviringo kama mayai, kila moja na kimkia kidogo juu, na kwa sifuri hizo ndizo Kalamu alijifunza kuandika. Penye siku ambayo mtu hakupima, kanuni ilitaka kistari na sababu yake. Karatasi za Mjomba hazikuwa na kistari hata kimoja. Ofisini walizionyesha kwa wanafunzi: tazameni mtu aliyekuwa na nidhamu.

Jumanne akaenda ghubani mwenyewe. Alijisemea anakwenda kazini, lakini alikuwa pia anakwenda kumwona dada yake, aliyekuwa akijenga pale, kwenye kiwanja kilekile kilichokuwa cha kituo. Kituo kilipofungwa, ofisi ilimwachia Mjomba ardhi kama asante. Mjomba hakuijenga. "Bahari inanipa mafua," alisema kila alipoulizwa. Miaka mitatu iliyopita akampa dada, mjane mwenye watoto wanne, na dada alilia hadi Mjomba akamwambia aache kumlowesha shati.

Kuta zilikuwa zimesimama. Mbao za paa zilipangwa chini ya turubai, nyembamba, zikinukia utomvu. Dada alikuwa amefunga kanga kiunoni akibishana na fundi juu ya dirisha.

"Karibu, mdogo wangu. Jumamosi napaua. Usije mikono mitupu."

"Nitakuja na mdomo. Si ndio mnaoutaka?"

Wakakaa juu ya matofali. Dada akatazama bahari, ikiwa tulivu kama maji ya beseni. "Hebu niambie wewe msomi. Kwa nini wale wa kusini kila baada ya mwaka wanapigwa, na sisi hapa hata kofia haipeperuki? Wamemkosea nani?"

"Hawajamkosea mtu. Kimbunga ni kama mchuzi: kinataka jiko, na jiko lake ni bahari ya moto. Maji ya baridi yanakizima. Kisha kinataka kukorogwa, na anayekoroga ni dunia yenyewe inavyozunguka. Karibu na mstari wa ikweta mwiko ni mfupi, mchuzi hauzunguki, ndiyo maana kule juu kabisa hawapati. Halafu kinataka wa kukisukuma. Hakina miguu. Pepo za juu ndizo zinakibeba kuelekea magharibi, kisha zinakikunja kiipe ikweta mgongo. Pwani iliyokaa kwenye lile kunjo, ndiyo inayokula."

"Na sisi?"

"Ninyi mna kisiwa mbele. Kinachotoka bahari kuu kinajikwaa pale, kinapoteza maji ya kunywa, kinafika huku kimechoka." Alikuwa anayasema maneno ya Mjomba, neno kwa neno, kama alivyofundishwa jikoni kwa beseni na kijiko. Kisha akayaona maji kati ya ghuba na kisiwa. Mapana, yenye kina kifupi, yanang'aa. "Isipokuwa kinachozaliwa humuhumu ndani," akasema taratibu. "Ukiweka mlinzi getini, mwizi aliyezaliwa uani atakaguliwa wapi?"

"Sasa unanitisha au unanichekesha?"

"Sijui bado."

Jambo lililomsumbua lilikuwa dogo. Ghuba zima halikuwa na nyumba ya zamani. Nyumba mpya za watu wa mjini, ndiyo, na misingi mingi. Lakini wenyeji wote walikaa juu, nyuma ya kilima, mbali na samaki wao, na shule ilikuwa kilimani pia, ngazi mia na kitu. Ofisi iliandika zamani kwamba walihama kufuata maji ya kisima. Akazipanda zile ngazi.

Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipoulizwa kwa nini shule ipo huku juu, alimtazama Kalamu kama mtu anayeuliza kwa nini sufuria lina mfuniko.

"Ilikuwa chini. Ikaondoka."

"Iliondoka vipi?"

"Kwa vipande." Akafungua kabati, akatoa daftari za mahudhurio, za zamani, kurasa zimekuwa rangi ya chai. "Mwalimu wa enzi zile alikuwa hapendi maneno mengi. Soma."

Kalamu akasoma. Majina ya watoto, vema, vema, vema. Kisha, katikati ya ukurasa, kwa mwandiko wa kubana: *Tarehe tisa Februari. Paa limeondoka. Shule imefungwa wiki tatu.* Kana kwamba paa liliomba ruhusa likaenda kusalimia ndugu. Akatafuta mwaka mwingine. *Upepo. Darasa la pili halipo.* Halikuwepo darasa, si watoto. Msimu mwingine: *Upepo tena. Tumehamia kilimani.*

Mara tatu katika misimu sita. Misimu ileile.

Lakini macho yake yalirudi kwenye ile tarehe tisa Februari, na mwaka juu yake. Alikuwa darasa la tatu. Siku hiyo alipanda ukuta wa jirani kuiba mapera, akaanguka, akavunja mkono wa kushoto. Aliyembeba mbio hadi hospitali, akimwimbia njia nzima wimbo wa kumkejeli mwizi wa mapera, alikuwa Mjomba. Hakuwa na shaka na tarehe hata chembe, kwa sababu Mjomba mwenyewe ndiye aliyeitunza. Kila mwaka, tarehe tisa Februari, bila kukosa, alimuuliza, na baada ya Kalamu kuhama akampigia simu kumuuliza, swali moja: "Mkono haujambo?" Miaka thelathini na saba.

Siku ile Mjomba alikuwa mjini, safari ya siku nzima kutoka ghubani. Na kwenye karatasi yake, tarehe tisa Februari ya mwaka ule, palikuwa na sifuri ya mviringo, yenye kimkia.

Akashuka ngazi polepole, na kila ngazi ikaja na kumbukumbu. Msimu wa mvua, Mjomba nyumbani akiwachemshia uji. Msimu wa mvua, Mjomba akiwasuka nywele vibaya hadi wakachekwa shuleni. Kiangazi ndipo alipokuwa akisafiri kwenda kazini. Aliwahi kumuuliza, akiwa mdogo, nani anapima upepo wakati yeye yuko hapa. "Wakati wa mvua vyombo hujipima vyenyewe," Mjomba alimjibu, na yeye akaamini. Hilo la mtoto lilisameheka. Lakini alikuwa ameingia kwenye kazi hiyohiyo, akavishika vyombo hivyohivyo, miaka ishirini na mmoja, na hakuwahi kurudi kulitazama jibu lile mara ya pili.

"Mwambie fundi asubiri," akamwambia dada. "Hizo mbao hazifai."

"Kwa ushahidi gani?"

Akakunja mkono wa shati, akaonyesha kovu kwenye kiwiko. Akaeleza. Fundi alikuwa anagonga kitu kwa mbali, akaacha, akaona sura zao akajitia kutafuta msumari.

"Alinipa mimi kiwanja hiki," dada akasema mwishowe. "Mbona wewe hakukupa?"

Kalamu alilijua jibu, na alijua dada naye analijua. "Mimi ningeuliza."

"Ehe." Dada akafungua kanga kiunoni, akaifunga upya, ingawa haikuwa imelegea. "Nenda wewe. Mimi nikienda nitalia, na akiniona nalia atanichekesha, halafu nitasahau nilichokwendea."

Alhamisi asubuhi Kalamu alifika kwa Mjomba na bahasha pana kwapani. Nyumba ya vyumba viwili, sebule safi, redio iliyovishwa kitambaa. Ukutani ilitundikwa ramani yake ya kwanza, ile aliyoichora miaka kumi na minane iliyopita akamletea kama zawadi. Ghuba la kijani lilikuwa usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Mzee alikuwa akiitazama kila siku akinywa chai.

"Kalamu, mwanangu. Si Februari leo. Mkono haujambo?"

"Mkono ndio ulionileta, Mjomba."

Akazitandaza karatasi sita mezani, na juu yake nakala ya daftari la shule. Mzee akavaa miwani. Alisoma muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyokuwa.

"Mwalimu yule," akasema, "alikuwa mchoyo wa maneno. Hata salamu alikuwa anaitoa nusu."

Kalamu hakucheka. Ilimgharimu, kwa sababu kicheko chake chote alijifunza hapohapo mezani.

"Nilijua ungekuja siku moja," Mjomba akasema. "Nilidhani ungekuja mapema, nikajiandaa. Halafu hukuja, nikasahau nilichojiandalia." Akavua miwani. "Mama yenu alikufa Oktoba. Msimu unaanza Novemba. Niliomba likizo, wakaniambia kituo hakina mtu mwingine. Nikawaambia sawa, nakwenda. Nikachukua karatasi, nikarudi nyumbani."

"Ungeweka kistari."

"Kistari kinaulizwa sababu. Sababu ilikuwa wewe na dada yako, mnakojoa kitanda kimoja na kila mmoja anamsingizia mwenzake."

"Hilo silaumu. Kwa hilo ningekubusu mikono yote miwili. Kwa hilo sisi ni watu leo. Lakini nilipoajiriwa je? Nilipokuja hapa na ramani ile, nikakwambia sifuri zako ndizo zilizonipa kijani, ukapanda kiti kuitundika? Ulinishika mkono, Mjomba. Ulisema, sasa nimepata wa kunirithi."

"Ulikuwa na furaha."

"Sahihi iliyo chini pale ni yangu."

Mzee akatazama ukuta, kisha akatazama mikono yake.

"Na kiwanja?" Kalamu akauliza.

"Kituo kilipofungwa sikusikia tena upepo kule. Nikajua yamepita. Miaka mingi, Kalamu. Nikasema pengine vile vimbunga vitatu vilikuwa bahati mbaya."

"Ungesikia kutoka kwa nani? Kituo si kilifungwa kwa sababu hakuna kilichotokea? Haya, kama yalipita, mbona hukujenga wewe?"

Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza kitu. Mjomba alifungua mdomo.

"Mafua," akasema, kwa sauti ndogo.

Ulikuwa mzaha wa miaka thelathini na zaidi, na kwa mara ya kwanza ulianguka chini pasiwe na wa kuuokota. Hata yeye hakutabasamu. Mtu mwenye mafua ya bahari alikuwa amempa mjane mahali pa kuweka watoto wanne mbele ya bahari ileile, na akapokea machozi ya shukrani kwenye shati lake.

Kalamu akatoa kalamu nyekundu, akaiweka mezani.

"Unaijua kanuni. Ukikata mwenyewe na kutia sahihi, kesho ghuba linatoka jekundu na dada anabadilisha mbao. Usipokata, nalipeleka suala kwenye kamati, na ramani inatoka kijani."

"Hao vijana wa ofisini wanawaonyesha wanafunzi karatasi zangu."

"Najua. Mimi ndiye niliyeanza kuwaonyesha."

"Si wangengoja kidogo?" Mzee aliuliza, na swali lilikuwa la kweli, si la kubembeleza. "Nina miaka themanini na moja. Nikiondoka mtakata mnavyotaka, wala sitaona."

"Paa linawekwa Jumamosi, Mjomba."

Akaichukua kalamu. Akapiga mstari mrefu juu ya safu yote ya Novemba, kama mtu anayefunga kitabu. Kalamu akatikisa kichwa.

"Moja moja. Wewe ndiye ulinifundisha."

Basi akaanza. Mstari, kistari juu yake, sahihi. Mstari, kistari, sahihi. Vistari vilitoka mkononi mwake vimepinda kama unywele kwenye sabuni. Mjomba alikuwa akimpa mtoto wa miaka tisa uji kwa mkono ule. Kalamu alikaa mbele yake asimsaidie kitu. Hakumchemshia chai. Alipofika kwenye tarehe tisa Februari, mzee aliinua macho, akamtazama kiwiko, akakata, na kwenye nafasi ya sababu akaandika: *Mtoto amevunjika mkono.* Kalamu akageuza uso dirishani mpaka aliposikia kalamu inakwaruza tena.

Karatasi ya kwanza ikaisha, na ya pili. Jua lilikuwa limehama kutoka kwenye redio hadi sakafuni. Katikati ya ya tatu, Mjomba akaweka kidole.

"Hizi nne usinikatishe."

"Kwa nini?"

"Nilikuwepo. Mwezi Machi. Ninyi mlikuwa kwa jirani, mmepona surua, roho ikanisuta nikaenda. Nilikaa kwenye ngazi za kituo siku nne. Vikombe vya kupimia upepo havikuzunguka hata mara moja, nzi alikuwa ametua juu ya kimojawapo akalala. Hizi ni sifuri za kweli, Kalamu. Nilizipima."

Alikuwa amenyooka kwenye kiti. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya mtu wa beseni na kijiko.

Kalamu akaivuta karatasi, akaziinamia zile nne. Alizitazama kwa bidii, kama aliyewahi kutazama sifuri elfu nzima akitafuta ndani yake hali ya hewa. Zilikuwa mviringo. Zilikuwa na kimkia juu. Akazilinganisha na zilizo kabla yake na zilizofuata, na hakuona tofauti yoyote.

"Weka kistari," akasema.

"Nakwambia nilikuwepo."

"Nimesikia umeniambia."

Mzee akamtazama, akitumaini kwamba labda ni mzaha, kwamba labda sasa hivi mmoja wao atacheka. Kisha Mjomba akainama, akazikata sifuri zake nne za kweli, moja moja, akatia sahihi, na Kalamu akazipuliza wino ukauke, akamsogezea karatasi ya nne.